Wanasema nilipe kodi kwanza ndo nitoe dola zangu za sarvei

Shangazi shikamoo,

Naandika usiku watoto wameshalala, nimeshika simu tangu magharibi naangalia meseji moja tu na sijui niijibu vipi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo, Uganda, mume wangu ni mwanajeshi na mwaka huu yuko Somalia. Pesa anatuma lkn unajua tena, karo, kodi ya nyumba, mama yake mgonjwa, haifiki mwisho wa mwezi. Mimi asubuhi nauza chai na mandazi karibu na steji, nikitoa unga na mafuta na mkaa nabaki na kama shilingi 140,000 kwa mwezi.

Mwaka jana mwezi wa tisa jirani yangu akanionyesha sarvei za mtandaoni, yaani wanakuuliza maswali kwenye simu, sabuni gani unatumia, redio gani unasikiliza, nyumbani mko wangapi, ukimaliza wanakupa pointi na pointi zikifika kiasi fulani unazigeuza salio la simu au pesa inaingia mobaili mani. Si uongo shangazi, nimelipwa kweli. Mwezi mbaya 30,000, mwezi mzuri mpaka 80,000. Naandika kila kitu nyuma ya daftari la hesabu la mtoto, mpaka mwisho wa mwezi wa sita nimejumlisha nikapata 540,000. Hizo ndo zimenunua viatu vya shule na godoro.

Sasa mwezi wa tano huyo huyo jirani akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la sarvei za dola. Wiki ya kwanza wakanitumia 9,000, nikaamini. Nikaendelea kujaza usiku baada ya usiku mpaka akaunti ikaandika dola 180, nikabonyeza kutoa, ikaja maandishi mekundu kwamba pesa imezuiwa kwa ajili ya kodi. Kuna mtu anajiita ofisa wa malipo akanifuata inbox, akasema Uganda imetoa sheria mpya ya kodi ya mtandao, 10%, lazima ilipwe kabla pesa haijatoka. Akanitumia barua ina nembo ya URA, ile mamlaka ya kodi ya Uganda, na muhuri. Nikamtumia 65,000. Wakati natuma, kabla sijaweka pini, jina lililokuja lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza akasema huyo ni keshia wao. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeshampa picha ya kitambulisho changu cha taifa, mbele na nyuma.

Shangazi, hiyo 65,000 haikuwa yangu. Mimi ndo mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, tuko wanawake 18, na sanduku linakaa kwangu. Nilisema dola zikitoka narudisha siku hiyo hiyo.

Sasa anataka 110,000 nyingine, anasema ni ya kuthibitisha, amenipa saa 48, nisipolipa jina langu linapelekwa URA kwamba nimekwepa kodi na mshahara wa mume wangu utazuiwa. Shemeji yangu wa Kampala nilimuuliza kijuujuu tu, akasema pesa yoyote ya mtandaoni ni lazima uwe na TIN, yaani namba ya mlipa kodi, na ulipe 30%. Mimi nilidhani nimeshalipa, maana kila nikitoa mobaili mani wanakata. Jirani yangu yeye ana dola 240 kwenye akaunti, anasema Jumamosi anauza mbuzi wake ili alipe kodi yake yote mara moja.

Niambie ukweli, nadaiwa au sidaiwi? Zile 540,000 nilizokula nilikuwa naiba? Na mume wangu nimwambie nini?

Mama wa mandazi, Bombo

*

Marahaba mwanangu,

Usitume hiyo 110,000. Hata kama saa 48 zimebaki dakika tano, hata akikupigia simu kwa sauti ya kiserikali, usitume. Soma mpaka mwisho ila hilo lishike kwanza.

Huyo mtu ni mwizi, na zile dola 180 hazipo. Najua ni neno gumu kwa sababu ulizifanyia kazi usiku mwingi macho yakiwasha, lkn ile ni namba tu wameiandika kwenye ukurasa wao, wangeweza kuandika hata 1,800. Zile 9,000 za wiki ya kwanza ndo zilikuwa chambo. Wamekupa 9,000 wakachukua 65,000, na ukitoa 110,000 wiki ijayo kutakuwa na ada nyingine ya benki, halafu ya kubadilisha dola, haitaisha mpaka siku utakayosema huna.

Na ushahidi umeniandikia mwenyewe bila kujua. Jina la mwanamke lililotokea kabla hujaweka pini, hapo ndipo kila kitu kiko wazi. URA haina keshia wa kupokea kodi kwenye laini yake ya simu. Kodi halali Uganda inalipwa hivi, unaingia kwenye tovuti ya URA, unajaza kodi gani na kiasi gani, mfumo unakupa namba ya malipo inaitwa PRN, na hiyo PRN ndo unaipeleka benki au unalipia kwa mobaili mani kwenye menyu ya kulipa URA. Unaingiza PRN, huingizi namba ya mtu. Mtu yeyote akikwambia tuma kodi kwenye namba hii, awe amevaa tai, awe na barua yenye muhuri, jua hiyo pesa haiendi serikalini. Nembo yenyewe mtoto wa sekondari anaitoa kwenye intaneti akaibandika kwenye barua kwa dakika mbili.

Tena angalia mpangilio wa mambo. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye pesa uliyoipata. Wewe hizo dola hujazipata. Hakuna sheria ya Uganda inayomwambia mama alipe kodi ya pesa ambayo haijamfikia mkononi ndipo aipewe, na kampuni ikikudai pesa ili ikupe pesa yako, hapo unafunga mlango. Wangekuwa wakweli wangekata hiyo 10% humo humo kwenye 180 wakakutumia 162. Mbona hawakufanya hivyo? Kwa sababu hakuna cha kukata.

Hiyo sheria mpya aliyokutajia ameichukua kipande akakitia uongo. Kuna kodi ya huduma za kidijitali kweli, ilianza Julai 2023, ni 5%, na inalipwa na kampuni za nje zisizo na makao hapa kwa mapato zinayovuna kutoka Uganda. Haimhusu mama wa Bombo anayejibu maswali ya sabuni. Wezi hawa wanasikiliza habari kama sisi, wakisikia kodi mpya wanajua watu wana hofu na hawajasoma, wanaingilia hapo hapo.

Sasa tuje kwenye hesabu yako ya kweli, maana umeuliza kama ulikuwa unaiba na swali hilo limeniumiza.

Hujaiba. Mtu anayeishi Uganda anatakiwa kuhesabu mapato yake yote, ya hapa na ya nje, hilo shemeji yako amesema karibu na ukweli, pesa ya mtandaoni ni pesa kama nyingine. Ila hiyo 30% amekutisha bure. Mwaka wa kodi Uganda unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, na kwa mtu binafsi mkaazi, kipato kisichozidi 2,820,000 kwa mwaka kodi yake ni sifuri. Ndiyo 235,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa 2012, kabla yake ilikuwa 130,000 kwa mwezi, na mimi naona kwa bei ya unga na mafuta ya leo bado ni kidogo mno, lkn ndo sheria. Ukivuka hapo unatozwa 10% ya kile kilichozidi tu, kwa mfano aliyepata 3,000,000 anahesabiwa zile 180,000 za juu, kodi yake ni 18,000 kwa mwaka mzima. Ukipita 4,020,000 inakuwa 20% ya kinachozidi hapo, na hiyo 30% ya shemeji inaanza juu ya 4,920,000, nayo ni kwa kile kilichozidi, haigusi pesa yote.

Chukua daftari la mtoto tuhesabu pamoja. Mandazi 140,000 mara miezi 12 ni 1,680,000. Sarvei 540,000. Jumla 2,220,000. Umebakiza 600,000 nzima kabla ya kufika kwenye mstari. Na hata tukisema hii yote ni biashara ndogo, sheria ya wafanyabiashara wadogo inaangalia mauzo ya mwaka, hapo huhesabu faida, ni mauzo yote kabla ya kutoa unga na mkaa, na mauzo yasiyofika 10,000,000 kodi yake ni sifuri pia. Kwa hiyo ukipita njia hii au ile, mwaka uliopita hudaiwi kodi ya mapato hata shilingi. Viatu vya shule ni vyako, godoro ni lako, lala juu yake bila wasiwasi.

Kuhusu kile wanachokata ukitoa mobaili mani, hiyo ni kodi nyingine kabisa. Ilianza Julai 2018 kwa 1% watu wakalalamika nchi nzima, mwaka huo huo ikashushwa ikawa 0.5% na ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Ukitoa 60,000 serikali inachukua 300, pembeni ya ada ya kampuni ya simu. Haihesabiki kama umelipa kodi ya mapato. Lkn nataka ujue pia kwamba kwenye bando unalonunua ili ujaze hizo sarvei kuna 12% ya serikali tangu Julai 2021, walipoondoa ile 200 ya kila siku ya mitandao ya kijamii. Kwa hiyo asikuambie mtu wewe si mlipa kodi, unalipa kila siku ukiwasha data.

TIN ni bure. Unaiomba URA kwa kitambulisho chako cha taifa, na anayekudai 50,000 ili akutengenezee anakuuzia kitu kisichouzwa. Ukitaka kuwa nayo sawa, inasaidia kwenye mikopo na leseni, ila ukishasajiliwa kwa kodi ya mapato usikae kimya. Ritani ya mwaka, yaani ile fomu ya kutangaza kipato chako URA, inatakiwa ndani ya miezi 6 baada ya 30 Juni, yaani mwisho 31 Desemba, jaza hata kama ni ya sifuri, kwa sababu faini ya kuchelewa inaweza kuwa 200,000 kwa kila mwezi na mimi nisingependa mtu mwenye kipato cha mandazi akutane na hiyo kwa sababu ya usahaulifu. Una swali piga URA 0800117000, haikati salio, wanajibu.

Hapo naomba nizungumze kidogo na wasomaji wengine, maana najua kuna walimu na askari wa makampuni wanaosoma hapa na wao wanajaza sarvei usiku. Hesabu ya mama huyu si yenu. Wewe mwenye mshahara unaokatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kila mwezi, ule msamaha wa kutojaza ritani ni wa mtu ambaye mshahara wa mwajiri mmoja ndo kipato chake chote. Ukiwa na kingine pembeni, beba kumbukumbu zako uende URA wakuonyeshe unahesabiwaje kabla ya Desemba. Na kama kuna miaka ya nyuma uliyonyamaza, sheria inampa nafuu ya riba na faini anayejitokeza mwenyewe akalipa kodi yenyewe kabla hajafuatwa. Pesa ya nje inabadilishwa kwa kiwango cha Benki Kuu ya Uganda cha siku ile uliyoipata, kwa hiyo andika tarehe. Na hizo kumbukumbu zitunze miaka 5.

Narudi kwako mwanangu. Hilo daftari lako ni zuri sana, watu wenye digrii hawana. Endelea nalo, ongeza safu mbili tu, tarehe na jina la kampuni iliyolipa, na pembeni andika bando ulilotumia kwa kazi hiyo. Sarvei zile za kwanza zilizokuwa zinakulipa elfu tano elfu kumi bila kukudai chochote, endelea nazo, sioni ubaya.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha jiko piga namba 100 ya mtandao wako wa simu, waambie ulituma 65,000 kwa tapeli, wape namba na jina lililotokea. Sikuahidi pesa itarudi, wezi hawa huitoa haraka, lkn ikiwa bado iko kwenye laini wanaweza kuizuia. Usifute meseji hata moja. Piga skrinshoti za ile barua, ule ukurasa mwekundu, sauti zake kama zipo, halafu nenda polisi ufungue kesi. Udanganyifu wa namna hii uko kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, polisi wakikuambia hawajui waombe wakupeleke kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao.

Kitambulisho ndicho kinachonisumbua kuliko 65,000. Picha ya mbele na nyuma mikononi mwa mwizi anaweza kujaribu kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina lako. Ukiwa mjini pita ofisi ya kampuni ya simu na kitambulisho chenyewe, uwaulize laini ngapi zimesajiliwa kwa NIN yako, yaani namba ya kitambulisho, usiyoitambua waifunge. Ulizia kampuni zote mbili kubwa, usiulizie yako tu. Ndo maana pia nataka iwepo ripoti ya polisi yenye tarehe, ili siku likitokea deni usilolijua uwe na karatasi ya kuonyesha.

Mume wako hawezi kuzuiwa mshahara kwa sababu hiyo. Kodi ya mapato Uganda kila mtu anahesabiwa kivyake, mke kivyake mume kivyake, na wewe mwenyewe hudaiwi. Mwambie. Usimwambie kwa meseji, subiri siku atakayopiga simu akiwa ametulia, anza na viatu na godoro, mwambie umekuwa ukipata nini na umeandika wapi, kisha mwambie kilichotokea mwezi huu. Mtu aliye mbali na nyumba yake hivyo anaumia zaidi akisikia kwa jirani. Atakasirika labda siku mbili, lkn hakuna mume mwenye akili atakayekosa kuona kwamba ulikuwa unashika nyumba.

Sanduku la kikundi nalo usilifunike. Najua unafikiri utarudisha kimya kimya kabla ya mkutano, usifanye hivyo, maana siku mmoja akihesabu kabla yako utaitwa mwizi na hapo hakuna atakayesikiliza habari za dola. Mwite mwenyekiti peke yake kwanza. Mpe ukweli wote, mwonyeshe skrinshoti, mwambie utarudisha 65,000 kwa awamu kutoka kwenye sarvei za kweli na mandazi, hata 10,000 kwa wiki, na muombe mwenyewe wewe kwamba ufunguo wa sanduku ukae kwa mtu mwingine mpaka deni liishe. Hilo la ufunguo liseme wewe kabla hajalisema yeye. Na kama atakubali, waeleze wanawake wote 18 kwenye mkutano, kwa sababu sina shaka humo ndani kuna mwingine ana akaunti yenye maandishi mekundu na amenyamaza kama ulivyonyamaza.

Kwenye grupu lile la WhatsApp toka baada ya kupiga skrinshoti zako, na huyo ofisa usimjibu, usimtukane, usimwambie umemjua. Mzuie tu.

Lkn kabla ya yote haya, kabla hata ya kulala, nenda kwa jirani yako au mpigie. Anauza mbuzi Jumamosi. Mwambie dola 240 hazipo kama zako zisivyokuwepo, mwonyeshe lile jina la mwanamke kwenye meseji ya kutuma pesa, msomee hii barua kama hataki kukusikiliza wewe. Mwambie Shangazi amesema mbuzi abaki kwenye kamba yake.